Jina Lililoitwa Mara Tatu

Akina mama wa Lusangi humcheka Feza. Akienda kumchukua Albertine, kitinda mimba wake, kwenye masomo ya misheni, haondoki naye kimyakimya kama wao. Humfuata mwalimu mpaka mbele ya uso wake na kusema kwa sauti, "Mwalimu, Albertine niko naye."

"Mama Apolline, si ninakuona?" hujibu mwalimu, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa, na akina mama wenzake huangua kicheko.

Hawajui kwamba neno hilo Feza aliwahi kulimeza, na likamkaba mtu mwingine.

Mtoto wake wa kwanza, Pierre, alikufa kwa surua hapo hapo misheni, enzi watoto walipokuwa wakilala huko. Mapadri walifunga lango, wakakataza wazazi kukanyaga kiwanja. Feza alikaa nje siku mbili na kibuyu cha uji. Siku ya tatu alionyeshwa kaburi. Akaapa kwamba hatangoja tena nyuma ya uzio wa mtu.

Kisha Apolline, mdogo wake Pierre, akaanza kusoma. Kiangazi kimoja watu walikuwa wakichoma mabua ya pamba ya Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, kama ilivyoamuru, na upepo ukarusha cheche juu ya nyasi za paa la kalasi alimosomea Apolline. Feza alikuwa shamba la jirani. Alitupa jembe, akakimbia.

Alikuta Mwalimu Raphaël amekwisha kuwatoa watoto wote. Amewapanga mstari kiwanjani, anaita majina, mmoja mmoja aitike. Alifanya vema, leo Feza hulikubali. Siku ile aliona mstari tu, na mstari kwake ulikuwa lango lile lile. Akamshika Apolline, aliyekuwa mwisho wa mstari, mkono kutoka nyuma.

"Mama, bado hajaniita!"

"Aite mpaka achoke. Twende!"

Wakaingia katika mihogo. Nyuma yao jina likaitwa: "Apolline!" Mara ya kwanza Feza alifurahi moyoni: tafuteni, na ninyi muonje. Mara ya pili akaongeza mwendo. Mara ya tatu sauti ya mwalimu ilikuwa imepasuka. Halafu hakusikia tena sauti, ila kishindo cha paa likianguka.

Raphaël walimtoa motoni hai, vidole vimeungua na kushikana kama mizizi. Baada ya wiki padri mkubwa aliwakusanya wazazi. Alisema mwalimu huyu aliacha watoto hamsini peke yao kwenda kutafuta mtoto ambaye hakuwemo.

"Kama kuna mutu anajua mutoto alitoka namna gani, aseme."

Feza alikuwa mbele kabisa. Ulimi ulimlalia kinywani kama jiwe la kusagia. Raphaël alimtazama mara moja, akainamisha kichwa. Wakamfukuza kazi, akaenda Salamabila kulinda ghala la machimbo.

Mwaka mzima Feza hakwenda kumwona. Mwishowe alichukua kuku, akatembea mpaka Salamabila. Alimkuta Raphaël mlangoni pa ghala, mkewe Régina akimlisha ugali kwa mkono.

"Mama Apolline," alisema Raphaël. "Umekawia."

"Ulijua?"

"Kesho yake tu waliniambia Apolline iko nyumbani, anatwanga."

"Sasa sababu gani hukunitaja?"

"Wangemufukuza mutoto. Mimi nilikuwa nimekwisha kuungua. Tuungue wawili ya nini?"

Régina aliweka sahani chini. "Ungesema tu, 'Mwalimu, niko naye.' Ni maneno mazito kuliko huyo kuku uliyembeba?"

Feza alimnyooshea kuku kwa mikono miwili. Régina hakumpokea, alichukua tonge jingine, akalipeleka kinywani mwa mumewe. Feza akarudi na kuku wake njia nzima, na hakuna aliyemla, alizeekea uani.

Basi kila siku wakati wa kutoka masomoni, Feza humtafuta mwalimu, hata mvua inyeshe. Wenzake wakicheka huwaacha wacheke. Hulisema neno lile kwa nguvu, kama mtu anayetaka lifike Salamabila.