Betri Isiyoingia

Mume wangu Zadock ni fundi wa mabati, na mabati yake hayavuji. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya mtu amdhanie mzembe, na mtu akimdhania Zadock mzembe tunakosana. Nenda Kaloleni hapa Kisumu mvua ikinyesha, ingia zile nyumba za kanjo, za baraza la mji, alizoezeka upya, tazama juu. Hutaona hata doa. Kasoro ya Zadock si kazi, ni upole. Ana upole wa kuudhi. Akikanyagwa mguu sokoni, yeye ndiye anayeomba msamaha.

Kuna jambo jingine, ambalo kwa muda mrefu tulilijua sisi wawili tu, au ndivyo tulivyoamini. Aliwahi kuanguka. Boriti iliyooza ilivunjika chini yake akatua kwa mkono wa kulia, na ingawa hospitali waliuunga, mkono ule haukurudi ulivyokuwa. Kijiko unashika. Ndoo unainua, kwa shida. Lakini kupiga nyundo, hapana. Akipiga kidogo tu vidole vinakufa ganzi na nyundo inamponyoka.

Sasa fundi wa mabati asiyepiga nyundo ni fundi gani? Alikaa nyumbani akitazama ukuta mpaka nikaingia mtandaoni nikamnunulia drili ya betri, ile ya kukazia skurubu. Unabonyeza tu, hata kwa mkono wa kushoto, na kazi inakwenda. Akarudi juu ya paa. Wenzake walipomuuliza mbona ameacha misumari, akawaambia misumari ni mambo ya zamani. Wakamwita Fundi Dijitali, akacheka nao. Mimi akaniomba nisimwambie mtu yeyote habari za mkono, hata dada yake. Sikusema.

Kisha betri ikafa. Ikawa ukiichaji inaonyesha taa ya kijani, ukienda nayo kazini inakaza skurubu mbili tatu inazima. Na ilichagua siku za kufa.

Rafiki yake Calvince, kwao ni kule karibu na Sondu, alikuwa anatoka boma la baba yake kwenda kufungua lake. Asiyetujua nimweleze. Kwetu, mtu akifungua boma, baba yake ndiye anayekuja kumwonyesha mahali pa kusimamisha nyumba, na nyumba hiyo inasimama na kuezekwa siku hiyo hiyo, na usiku mwenye boma na mkewe wanalala ndani. Hakuna cha kusema tutamalizia kesho. Na baba yake Calvince alikuwa ametoka hospitali amebaki mifupa, kila mtu akijua kimoyomoyo kwamba siku hiyo haiwezi kusogezwa. Pale mahali hakuna umeme. Kazi ya kuezeka, Zadock ndiye aliyeiahidi. Kwa hiyo betri isipopatikana, angepanda paa la rafiki yake mbele ya ukoo mzima na nyundo mkononi, na wote wangeona inavyomponyoka. Mwanamke hapandi paa kwetu, la sivyo ningepanda mimi mwenyewe.

Nikaingia tena mtandaoni. Duka lile lile lililotuuzia drili lilikuwa na betri, na chini ya picha waliandika kwamba inaingia katika drili zote za aina hiyo. Nikaagiza.

Mzigo ulifika nikiwa sokoni Kibuye, ninakouza mapazia ya mtumba. Niliporudi nilimkuta mtu wa boda amekaa sebuleni kwangu anakunywa chai na mkate uliopakwa siagi, na boksi liko chumbani halijafunguliwa. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Kwetu mgeni akikuletea kikapu, hukifungui mbele ya macho yake ukaanza kuchungulia kilichomo. Ni aibu. Unakipokea kwa mikono miwili, unakipeleka ndani, unamkaribisha. Zadock alimfanyia mtu wa boda vivyo hivyo, kana kwamba ni shemeji katoka Usenge na samaki. Na yule mtu alipomwambia, "Mzee, finya hapa ati umepokea, alafu nipee nyota," akafinya. Akampa nyota zote tano. Akaongeza na maneno: Mzigo umefika salama, Mungu akubariki.

Mgeni alipoondoka tukafungua.

"Haiingii," Zadock akasema.

"Sukuma."

"Mama Sydney, hii reli yake ni pana. Hata ukiiitia polisi haiingii."

Nikaliandikia duka. Anayejibu kule hujiita Celestine wa Huduma kwa Wateja, na Kiswahili chake kimepigwa pasi kama shati la karani wa mahakama. "Mpendwa Debra, pole kwa usumbufu. Rekodi zetu zinaonyesha kuwa ulithibitisha kupokea bidhaa ikiwa salama na ukatupatia nyota tano."

Nilimsomea Zadock. Akakuna kichwa. "Lakini yule mtu alikuwa mzuri," akasema.

"Baba Sydney, nyota si za uzuri wa mtu."

"Sasa ningempa ngapi, na amekuja na jua lote hilo?"

Nikarudi kwenye simu kabla sijamjibu vibaya. Celestine alitaka picha ya betri. Nikapiga. Akataka picha ya betri kando ya drili. Nikapiga. Akasema karatasi iliyobandikwa kwenye betri haisomeki, nikajaribu kuinyoosha kwa kucha ikachanika pembeni, nikapiga hivyo hivyo. Akasema kwa mujibu wa wataalamu wao betri hiyo inalingana na drili yangu. Nikamwandikia kwamba wataalamu wao waje Kisumu waiingize, nitawachinjia kuku. Akasema amefurahi kunihudumia.

Wanasema hasira hasara. Waliosema hivyo hawakuwahi kuandikiana na duka lile. Nilikuwa nauza mapazia huku nimekunja uso, wateja wakidhani nimewakasirikia wao. Mama mmoja aliniuliza kama nimefiwa.

Mwishowe walikubali kubadilisha, ila betri niipeleke mwenyewe kwa wakala wao. Wakala ni Surinder, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye pia hupokea mizigo ya mtandaoni kwenye kaunta ya nyuma. Surinder tunamjua miaka. Zadock hununua mabati kwake. Aliigeuza betri, akaitazama drili, akaguna.

"Mama Sydney, si ungenunua tu drili kwangu?"

"Ya kwako ni ya waya, na kule hakuna stima. Betri ya hii unayo?"

"Hii make haiko Kisumu yote. Hii ulioa kwa internet, sasa shida yake pia peleka kwa internet." Akacheka peke yake. Kisha akaona uso wangu akaacha, akaniandikia risiti haraka.

Betri ya pili ilipoletwa nilikuwa nyumbani makusudi. Chai sikuweka. Nilichukua kisu nikapasua boksi pale pale mlangoni, na mtu wa boda, yule yule, akaona vibaya.

"Mama, kwani mimi ni mwizi?"

"Wewe si mwizi. Simama hapo kwanza."

Nikaitoa. Ilikuwa betri ile ile. Sisemi aina ile ile. Nasema ile ile yenyewe, na karatasi yake imechanika pembeni nilipoichana mimi kwa kucha zangu. Ilikuwa imesafiri hadi Nairobi, ikapumzika, ikavalishwa boksi jipya ikarudishwa kwangu. Nilimwambia mtu wa boda aende nayo. Akasema yeye analeta tu, kurudisha si kazi yake, akawasha pikipiki. Zadock alimpungia mkono.

Celestine akajibu siku hiyo hiyo, hilo nampa. "Mpendwa Debra, kwa mujibu wa sera yetu, bidhaa iliyokwisha kubadilishwa haibadilishwi tena." Nikamwambia haijabadilishwa, ndiyo ile ile. Akaomba picha ya betri.

Siku ya Calvince ilikuwa inagonga mlango. Nikamwambia Zadock aazime drili ya Walubengo, fundi mwenzake, ambaye anayo ya betri ila huitumia kwa kazi za mbao. Akakataa.

"Ataniuliza kwa nini sipigi misumari kama wao."

"Mwambie dunia imehamia skurubu."

"Siku moja bila drili, fundi anapiga nyundo, Mama Sydney. Kila mtu anajua hivyo. Nikienda kuazima nitakuwa nimejitangaza."

"Basi mwambie Calvince ukweli."

Alitoka akaenda kukaa kwenye rundo la mbao nyuma ya nyumba. Baadaye nikasikia ko, ko, ko. Nilichungulia dirishani. Alikuwa anajaribu kupigilia msumari kwenye gogo. Alipiga, akabadilisha mkono, akapiga wa kushoto akaukosa msumari, akarudia wa kulia. Nyundo ilimtoka ikaangukia nyasi. Hakuiokota. Nilirudi jikoni nikasonga ugali kwa hasira hadi mwiko ukalia.

Kesho yake nilikuwa kibandani Kibuye, wateja hakuna, na nikamwandikia Celestine kwa mara ya mwisho. Sikupanga kuandika nilichoandika. Nilianza na betri, lakini vidole vikaendelea vyenyewe. Nilimwambia kwamba mume wangu alianguka kutoka juu ya paa. Kwamba mkono wake haupigi nyundo tena na hataupata tena ule wa zamani. Kwamba drili ndiyo mkono wake, na hakuna anayejua ila mimi, na kesho kutwa atapanda paa la rafiki yake na watu wote watajua, na nitakuwa nimesimama chini nikitazama. Nilimwambia siombi pesa. Naomba betri inayoingia. Nikatuma, na machozi yalikuwa yamenijaa machoni hata sikumwona mama aliyekuwa anashika mapazia yangu akiuliza bei.

Jibu likaja papo hapo. "Asante kwa maoni yako! Je, tatizo lako limetatuliwa? Bonyeza 1 kwa Ndiyo, bonyeza 2 kwa Hapana."

Nikabonyeza 2. Ikanishukuru kwa maoni yangu, ikaniuliza tena. Ndipo nilipojua kwamba hapakuwa na Celestine. Siku zote hizo nilikuwa nampigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe hata si mbuzi.

Jioni Zadock alichukua simu yangu kumpigia Calvince, ya kwake haikuwa na chaji. Nilikuwa nasafisha omena. Nilipoona ametulia sana nikainua kichwa. Alikuwa anasoma. Alisoma polepole, mpaka chini, mpaka kwenye ile bonyeza 1 bonyeza 2.

"Umewaambia hawa," akasema.

"Nimewaambia."

"Watu hatujui hata sura."

"Si watu. Ni mashine."

Nilingoja anikasirikie. Kwa kweli nilitaka anikasirikie, angalau mtu mmoja katika nyumba ile akasirike nami. Lakini alikaa na simu mkononi, kisha akasema taratibu, "Mashine imejua kabla ya Calvince." Akapiga namba. Akaweka sauti nje, sijui kwa nini. Labda alitaka niwepo.

"Calvince, nina neno," akasema. "Hii mkono yangu haipigi nyundo. Tangu nianguke. Ile drili imekataa kazi. Tafuta mtu wa kupanda juu."

Upande ule kuku wakasikika.

"Omera, hiyo mkono si tunajua," Calvince akasema. "Kwa harusi ya Joram si ulikuwa unashika hadi glasi na left? Watu wa kupanda niko nao. Walubengo anakuja na wengine. Wewe nilikuita juu ya vile mabati yako haivuji. Kuja uwaonyeshe."

Zadock alipokata simu alinitazama, na mimi nikarudi kwenye omena zangu. Hamjui nilivyoudhika. Mficha uchi hazai, hilo tumeimbiwa tangu utotoni, na bado tulikaa watu wazima wawili tukificha kitu ambacho mafundi wote wa Kisumu walikuwa wanakitazama. Nilimkasirikia Calvince kwa kujua. Nilimkasirikia Walubengo kwa kunyamaza. Duka lile nilikuwa nimelikasirikia tayari. Baadaye walinitumia ujumbe kwamba kesi yangu imefungwa kwa mafanikio, na betri yao nilikwenda nikaiweka kwenye kaunta ya Surinder nikaondoka bila kungoja risiti.

Siku ya boma tulifika Sondu mapema. Mzee aliletwa akiwa ameshikwa mabega, akaonyesha ardhi kwa fimbo yake, na kazi ikaanza. Nguzo zikasimama, mbao zikapanda. Walubengo na wenzake walikuwa juu na nyundo zao. Zadock alikuwa chini, akipima, akikata, akiwapigia kelele.

"Walubengo, hiyo bati rudisha. Imelala juu ya mwenzake kidogo sana."

"Iko sawa, Zadock."

"Mvua ya huku inakuja na upepo ya chini. Ng'oa."

Wakang'oa. Nilimwona ananyoosha mkono wa kulia kuonyesha, ukakwama njiani, akamalizia na wa kushoto. Hakuna aliyegeuka kutazama. Bati la mwisho lilipigiliwa jua likiwa bado lipo, na mke wa Calvince akaingia ndani na moto wa kuwasha meko ya boma jipya.

Tulipoketi kula baridi ilishuka. Zadock alikuwa amekaa katikati ya wanaume, Calvince upande huu, Walubengo upande ule. Nilimwona ameshika koti lake mapajani, akiligeuza. Kisha akaniita, kwa sauti ya kawaida ambayo kila mtu aliisikia.

"Mama Sydney, kuja univalishe hii koti. Mkono haifiki nyuma."

Nikaweka sahani chini nikaenda. Nilianza na mkono wa kulia, nikauingiza polepole mpaka kiganja kikatokea, kisha wa kushoto. Walubengo alisogea kidogo kunipisha, akaendelea na nyama yake.