Ule Anayekimbia mu Picha ya Mulima

Bon, niseme mwenyewe mbele ya bengine kubaambia: ule muntu anakimbia mu picha ya ku ukuta wangu, mudomo wazi, koti inaruka, njo mimi, na haya yake ningali nayo.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Kenya (hapana ile inchi, ni cité ya bantu beusi mu Élisabethville, Lubumbashi ya leo), mugini ingali ya Bazungu, na mi nilikuwa natumika mu studio ya muGreki mumoja, kusafisha picha. Mama aliacha mulima wa kwabo kule nord, kwa Baluba, siku ya ndoa yake, hakurudia hata mara moja, na sasa macho yake ilianza kufa. Kila asubui, akiwasha makala ya kupikia, anasema: "Saa hii jua inaupiga mulima ku kichwa, kisha inashuka pole pole mpaka ku miguu." Nikasema, mbele macho iishe kabisa, nitamuletea ule mulima.

Kosa ilikuwa kidogo tu: kule kuko baridi, donc, pamoja na appareil ya picha, nikaazima na koti ndefu ya patron, ule muGreki. Nikapanda train, nikalala ku gare, na mbele jua itoke nikafika chini ya mulima na lampe, nikasimamisha appareil, nikajifunika kitambaa nyeusi. Jua ikapiga kichwa ya mulima sawa vile Mama alisema (eh, nililia kweli), na mukono yangu tayari ku poire, ule mupira wa kamba ndefu unaufinya ili picha ishike.

Kumbe bamama ba kwenda mashamba babaona lampe, koti ndefu, na kintu nyeusi ya miguu tano (tatu ya appareil, mbili yangu). "Batumbula!" (Njo bale banasemaka banatembea usiku na lampe na koti ndefu, banaiba bantu kupelekea Bazungu, hata sisi ba ville tulikuwa tunabaogopa.) Muntu wa akili angesema jina ya mama yake mu Kiluba. Lakini Kiluba yangu ilikuwa ya kuomba bukari, ule ugali, tu, na woga ulinishika, nikatoka mu kitambaa, nikavua kofia, nikasema: "Mesdames, je vous en prie!" Ni kusema, bamama, tafazali.

Kifaransa, na ile koti! Babaume bakakuja na majembe, nikakimbia mbele ya appareil yangu mwenyewe, poire ingali mu mukono, nikaifinya kwa woga. Bakanikamata mu mihogo. Plaques zingine, vile vioo vya kushika picha, bakazifungua mu jua kutafuta bantu ndani, zikaungua zote. Nikalia: "Mama! Mama Ngoie!"

Muzee mumoja mwanamuke akauliza: "Ngoie gani? Ule aliolewa na muntu wa train?" Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka akakaa chini: "Ngoie anatutumia mutoto wa kuongea Kifaransa na mihogo!"

Ilibaki ile moja ya ndani ya appareil, ile nilifinya nikikimbia. Nikaisafisha ku studio, na nyumbani Mama akapeleka picha ku dirisha, karibu na pua.

"Njo mulima wenyewe. Jua iko ku kichwa." Kisha: "Na huyu mujinga ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

Akacheka, akalia. "Basi nimejua kweli ulifika kwetu."

Toka siku ile sijaazima koti ya muntu, na batoto bangu balijua Kiluba mbele ya Kifaransa. Macho ya Mama ilipoisha, alikuwa anaweka kidole ku kioo ya picha, anauliza: "Angali anakimbia?"

"Angali, Mama."

Sasa hayuko wa kuniuliza, lakini nikipita pale asubui, ninajibu tu.