Kiti cha Thuo katika Ndege ya Muturi

Thuo amekunywa chai yangu miaka miwili, na sitaki mtu aniambie nisamehe kabla sijamaliza kueleza.

Mume wangu, Muturi, hutengeneza mashine za kupukuchua mahindi hapa Matisi, Kitale. Wengine wakipata pesa hununua ng'ombe au ploti. Yeye alisomea urubani, kisha akanunua ndege kuukuu: ndogo, ya viti viwili, ya mbao na kitambaa. Ilijengwa kwa mikono na marehemu Jairus, mwalimu mstaafu wa Kanduyi kule Bungoma, na aliyetuuzia ni Levi, mdogo wa marehemu. Tuliileta kwa lori, mabawa yamefunguliwa, na majirani wakasema Baba Ciru, ndivyo wanavyomwita Muturi, amepagawa. Mimi pia nilisema.

Shida ilikuwa karatasi. Mkaguzi wa ndege kutoka Nairobi alisema haitapata kibali cha kuruka bila madaftari ya mjenzi, yenye kazi ya kila siku na picha za ndani ya mabawa kabla hayajafunikwa. La sivyo, kitambaa chote kibanduliwe. Levi alisema hajui madaftari yaliko.

Thuo ni seremala, rafiki wa Muturi tangu shule ya msingi. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kwetu, akaweka mkono juu ya injini, akaomba karatasi zipatikane. Muturi alikuwa amemwahidi kile kiti cha pili siku ya kuruka. Tulipotaka kumwona mjane wa Jairus, Thuo alisema si vizuri kumsumbua mama wa watu na msiba wake. Baadaye akaanza, "Niuzie tu hiyo mbao, bana. Utazeeka ukingoja." Muturi alikonda. Alikuwa akiketi ndani ya ndege ghalani, ameshika usukani, haendi popote.

Juni iliyopita nilichoka. Nikabeba sukari na unga, nikaenda Kanduyi kumpa pole Dinah, mjane mwenyewe, maana ni aibu kununua kitu cha marehemu bila kumsalimia mkewe. Alinipokea vizuri. Akatoa ndani ya Biblia kijitabu cha mazishi, kile chenye picha za marehemu ambacho hakuna mtu anayekitupa. Ukurasa wa tatu, Jairus ameshika bawa lililo wazi, mbavu zote za mbao zinaonekana. Upande wa pili wa bawa ameshika Thuo, anacheka.

Mwaka ndege hiyo ilipojengwa, alituambia yuko Bungoma akitengeneza viti vya kanisa.

"Huyo ndiye fundi alimsaidia mzee," Dinah akasema. "Si nilimpa yeye madaftari? Alisema atapelekea mwenye atanunua."

"Mwenye alinunua ni sisi, mama."

Dinah akafunga Biblia. Kijitabu akanipa niende nacho.

Tulikwenda kwa Thuo, Muturi akakifungua kijitabu ukurasa wa tatu, akakiweka juu ya meza yake ya useremala. Thuo hakukataa. Alitoa madaftari matatu chini ya sanduku la misumari, makavu, hayana hata vumbi.

"Hizo mabawa nilijenga na mikono yangu," alisema. "Levi akauzia wewe. Nilijua utachoka, uniuzie."

"Na zile maombi," Muturi akamuuliza, "ulikuwa unaomba nini?"

Thuo akalifunga sanduku la misumari. Mimi nililia kwa hasira, na nilipofika nyumbani nikakivunja kikombe alichozoea kunywea.

Mkaguzi aliyakubali madaftari, lakini akataka sahihi ya shahidi aliyeona mabawa yakijengwa. Aliye hai ni mmoja tu. Thuo akaja ghalani, akatia sahihi mbele ya mkaguzi. Kisha akauliza polepole kama kile kiti bado ni chake.

Muturi alichukua spana, akakifungua kiti, akampa abebe. Mkaguzi akamwonya kwamba ndege ikitolewa kitu lazima ipimwe uzito upya, na kibali kitachelewa miezi mingine.

"Ipimwe," Muturi akasema.