Nyumba ya Skelbeck Iliyochorwa Gofu

Annis Dargue alikuwa bado mtoto mdogo bonde la Skelbeck lilipozamishwa ili watu wa mjini wapate maji ya bomba. Alipelekwa kwa shangazi yake mapema, hivyo hakuona mwisho wa nyumba yao, na picha hawakuwa nayo hata moja. Maisha yake yote, akioka mikate ya tangawizi, akilea, akizika mume, alitamani jambo moja tu: kuiona tena nyumba ile ikiwa nzima. Kaka yake Wilf alikuwepo hadi mwisho, lakini ukimuuliza habari za Skelbeck, ghafla anawakumbuka kondoo wake.

Basi Annis aliposikia kwamba makumbusho yana mchoro wa rangi za maji wa bonde lao, wa tangu karne ya kumi na nane, aliomba miadi, akamburuta Wilf.

"Vua kofia, unauaibisha ukoo," Annis alimwambia mlangoni.

"Ukoo uliaibika siku uliyozaliwa wewe."

Mhifadhi, binti mpole aitwaye Rosalind, alitoa mchoro sandukuni na kuulaza mezani. Kilima kilikuwa kile kile, na kijito, na daraja. Nyumba sasa! Haina paa, mti umeota sebuleni, ng'ombe amejilaza mlangoni.

Uso wa Annis uliiva kwa hasira. "Huyu mtu alikuwa kipofu? Mababu zetu walikuwa wanalala humo!"

"Ndivyo walivyokuwa wachoraji wa enzi hizo, bibi," Rosalind alisema. "Wateja walipenda magofu. Wachoraji wakikuta nyumba nzima, wanaibomoa kwa brashi."

"Si wangeanza na za kwao!"

Hata mimi ninayesimulia iliniuma kwa niaba yake. Ungoje miaka yote hiyo, halafu uonyeshwe gofu la kubuni! Alichukua mkoba wake aondoke.

Wilf hakusogea. Alikuwa ameinamia meza, machozi yakimwingia kwenye ndevu.

"Ndivyo nilivyoiacha," alisema. "Baba aliezua paa mwenyewe. Hakutaka wageni waje kuibomoa kabla ya maji. Mimi nilimshikia ngazi."

Annis akaketi tena. "Na hukuwahi kuniambia."

"Wewe ulikuwa nayo nzima kichwani, mdogo wangu. Ningekunyang'anyaje?"

Rosalind akajifanya anatafuta kitu kabatini. Annis aliushika mkono wa kaka yake, wakautazama mchoro pamoja.

"Mlianzia upande gani?"

"Chumbani kwako," Wilf alisema. "Baba alisema tuanze na kigumu."