Tangazo Lililokatikia kwenye Jina la Baba

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kwa ukimya wake. Umeniletea kisakinishi chako, hicho cha kuingiza programu kwenye kompyuta, nikitazame kabla hujakipeleka kwenye zahanati za huko milimani, na umenieleza kwa furaha kwamba mtu akibofya mara moja tu, kila kitu kinajipanga chenyewe kimyakimya. Uliposema hilo neno la kimyakimya uliniona nikiweka kikombe chini. Ngoja nikueleze kwa nini. Kaa, chai bado ipo.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi Makambako kwa Bwana Hamadi, mfanyabiashara wa malori aliyetutengea chumba cha kompyuta pembeni ya duka lake la vipuri. Tulikuwa mafundi wawili. Mwenzangu aliitwa Shabani, mtu wa Kigoma, mcheshi, mwepesi wa mikono, na kwa kuandika programu alinizidi mbali, sioni haya kusema. Nyumbani kwetu ni hukohuko unakokujua, jirani na misheni, nje kidogo ya mji wa Njombe. Baba yangu, Mzee Kalisti Mgaya, alikuwa akilima viazi na mahindi.

Shabani alikuwa ameitengenezea redio moja ya Njombe programu ya kupanga matangazo: ya mnada, ya ng'ombe aliyepotea, ya vifo. Nyie mmezaliwa na simu mkononi, hamwezi kujua. Wakati ule mtandao ulishika kilimani ukapotea bondeni, na simu zenyewe hazikuwa za kila mtu. Mtu akifariki, familia hupeleka tangazo redioni, na ndugu walioko Makete na Wanging'ombe wanasikia wote kwa pamoja, kila mmoja hukohuko aliko. Mama akiwa jikoni akisikia "tangazo la kifo", anaepua chungu kwanza ndipo asikilize.

Sasa ile programu haikuweza kusimama peke yake. Ilihitaji kifurushi kingine chini yake, kile ambacho baadhi ya kompyuta za Windows zinacho tayari na nyingine hazina. Shabani akaandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta inazifuata yenyewe: itazame kwanza kama kifurushi kipo, kama hakipo, ikiweke, halafu ndipo iweke programu yenyewe. Mpaka hapo kazi safi, hata mimi leo ningeandika hivyohivyo. Ila wateja wetu walikuwa na tabia moja. Dirisha la Kiingereza likijitokeza linauliza swali, wanaogopa, wanabofya kitufe cha kukataa, kisha wanatupigia simu kwamba mashine imeharibika. Kwa hiyo Shabani akakiamuru kifurushi kijiweke kimya, kisiulize mtu yeyote kitu chochote. Ulikuwa mtindo wetu, na wateja waliupenda.

Akaijaribu skripti pale chumbani kwetu. Ikakubali. Akaijaribu kwenye mashine nyingine, ikakubali tena, tukagongeana mikono. Lakini kompyuta zetu zote zilikuwa na kile kifurushi tangu zamani, mwanangu. Skripti ilikuwa ikitazama, inakikuta, inapita. Ile sehemu ya kukiweka pale kisipokuwepo haikuwahi kufanya kazi hata mara moja, na hapakuwa na mtu aliyeliwaza hilo.

Asubuhi hiyo Shabani alipanda gari la Njombe kwenda kusakinisha. Mimi nikabaki Makambako nafungua printa iliyomeza karatasi, redio ya Bwana Hamadi ikinguruma kaunta. Ikafika zamu ya matangazo. Lilikuwa tangazo lililorekodiwa, sauti ya yule mtangazaji wa kike tuliyemzoea, na kinanda cha huzuni kwa nyuma.

"Tangazo la kifo. Mzee Kalisti Mgaya wa Njombe..."

Kisha kimya.

Nilidhani betri. Bwana Hamadi akaipiga redio kofi, akaizungusha sindano, stesheni nyingine zikalia vizuri. Akairudisha. Kimya. Akanitazama, maana alilijua jina la baba yangu, alikwishamchukulia viazi mara nyingi. Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi na sikuweza kuiachia. Siyo kwamba nililia. Nilikuwa nimeganda, najiambia kwamba watasema sasa hivi, watamalizia. Redio iliporudi hewani haikumalizia kitu. Ilirudi na kwaya, ule wimbo unaoimbwa watu wakitoka makaburini.

Nikapiga simu ya kaka yangu, haipatikani. Nikapiga ya katekista wetu, inaita tu. Bwana Hamadi akatoka nje, akamwita dereva wake mmoja aliyekuwa anapakia, akamwambia aache mizigo anipeleke. Alinishika bega akasema, "Poleni sana, Festo. Nenda kamzike mzee. Duka lisikusumbue." Njiani nilikuwa nawaza koti la baba la kijivu, nani atalivaa. Ndivyo akili ya mtu inavyofanya ikipigwa, inashika kitu kidogo kisicho na maana.

Tulipokata kona ya misheni nikawaona akina mama wa jirani wameketi nje ya ua wetu, kanga kichwani, wanalia kwa sauti. Basi nikajua ni kweli. Nikashuka, nikaingia uani, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa baba. Amesimama mlangoni pa jikoni na lile koti lake la kijivu, macho mekundu.

Mwanangu, sijawahi kushtuka vile kabla wala baada. Nilikaa chini pale kwenye vumbi kama mtoto aliyepigwa, nikamtazama, na kitu pekee nilichoweza kusema kilikuwa, "Baba, kamwene." Namwamkia kwa Kibena kama vile nimekuja kumsalimia.

"Kamwene," akaitika. "Inuka, Festo."

Wale akina mama, waliokuwa wamefika muda mfupi tu kabla yangu, nao kumbe hawakuwa wamemwona. Walikuwa wameanza kulia barabarani kwa sababu ya redio. Walipomwona wakapiga vigelegele. Wakaja mbio, wakamshika mikono, mmoja akaanza kuimba. Mimi nikainuka nikacheka, nikamkumbatia, nikacheka tena, machozi yananitoka. Furaha ile siwezi kukuelezea.

Baba akatuacha kidogo, halafu akainua mkono. "Nyamazeni," akasema. Hakupaza sauti. "Aliyekufa ni dada yangu. Skolastika amefariki Ipelele, mgonjwa wa siku nyingi. Mimi ndiye niliyepeleka tangazo, jina langu lilitangulia kwa kuwa ndiye mwenye msiba. Mnashangilia, na dada yangu hana hata mmoja aliyemlilia."

Nilitazama chini. Shangazi Skolastika ndiye aliyemlea baba. Bibi yetu alifariki baba akiwa bado ananyonya, na huyo dada, mwenyewe bado msichana, akambeba mgongoni na kumtafunia viazi. Sisi tulimjua kama yule shangazi wa Ipelele anayekuja na kikapu cha njegere, akae siku mbili jikoni, aondoke. Kila kitu cha kwetu kilisimama juu yake, na mimi sikuwahi hata kumuuliza habari za utoto wake.

Ningependa kukwambia mambo yaliishia hapo. Shangazi alikuwa na binti mmoja, Adela, aliyeolewa Igwachanya. Hakuwa na simu. Tangazo lile baba alilipeleka hasa kwa ajili yake, ili apitie kwetu, kesho yake tupande wote gari la kwenda kuzika Ipelele. Redio ililirudia tangazo lote baadaye, kwa ukamilifu na kwa kuomba radhi, lakini Adela alikwisha kupanda bodaboda kuja. Yeye alikuwa amesikia nusu.

Tulimsikia kabla ya kumwona. "Mjomba wangu, mjomba wangu," analia tangu kwenye mikaratusi. Akaingia uani amejifunga kanga kiunoni, akamwona baba, akasimama. Akaziba mdomo. Kisha akaanguka magotini, akamkumbatia miguu, akawa anacheka na kulia.

"Mjomba, upo," akasema. "Nimelia njia nzima. Nilikuwa najiuliza nitamwambiaje mama."

Hakuna aliyesogea. Adela akageuka kututazama, bado anatabasamu, akitushangaa mbona hatufurahi. Baba akainama, akamshika mabega.

"Kaa chini, mwanangu."

"Sikai, mjomba, acha nikuangalie kwanza."

"Kaa," akasema baba. "Ni mama yako."

Siwezi kukusimulia sauti aliyoitoa. Nimeishi miaka mingi, nimezika wengi, sijaisikia tena, na namwomba Mungu nisiisikie. Msiba ni msiba, ungemfika tu hata redio ingesoma vizuri. Ila angeupokea akiwa amekaa kwake, na majirani zake wakimshika. Sisi tulimpa kwanza furaha mkononi, ndipo tukamnyang'anya.

Shabani alifika jioni, akitokea studio, suruali imejaa vumbi. Alikuwa amekwisha kujua ni tangazo la nani lililokatika. Huko studio mtangazaji alikuwa amemwambia endelea tu, mashine inacheza matangazo yenyewe, akatoka kunywa chai. Shabani akabofya kwenye mashine hiyohiyo. Skripti ikatazama, kwa mara ya kwanza ikakikosa kile kifurushi, ikakiweka kimya kama ilivyoamriwa. Kifurushi kilipomaliza kilihitaji kompyuta izimwe na kuwashwa upya, na kwa kuwa kilikatazwa kuuliza, hakikuuliza. Kilizima mashine tangazo likiwa ndiyo kwanza limetaja jina la baba.

Nilimwona Shabani getini na nikataka kumrukia, nakwambia ukweli. Yeye akanipita, akaenda moja kwa moja alipokuwa amekaa baba na wazee wenzake, akapiga goti, Mwislamu wa Kigoma katikati ya watu wanaosali rozari, akasema, "Shikamoo mzee. Ni mimi niliyeizima ile mashine." Wazee wakaanza kunong'ona.

Baba akaitikia. "Marahaba. Ulipokuwa unaingiza hicho kitu chako, palikuwa na mtu anaongea humo ndani?"

"Ndiyo, mzee. Tangazo lilikuwa linasoma."

"Ulilijua hilo?"

"Nililijua. Sikufikiri kwamba itajizima."

"Uliiambia isijizime?"

Shabani akatikisa kichwa.

"Basi siku nyingine uiambie," akasema baba. "Na kama ni lazima izimike, umngoje mwenye nyumba amalize kusema." Akasogea kwenye benchi. "Kaa hapa. Kesho utatusaidia kubeba jeneza."

Na alibeba. Ipelele kuna baridi inayouma mifupa na njia ya makaburini ni mwinuko, lakini Shabani hakukubali kupokewa bega mpaka tulipofika. Adela alimwona, akajua ni nani, akampa maji ya kunawa kama alivyowapa wengine.

Sasa turudi kwenye kazi yako. Kutazama kwanza kilichopo, hilo umeliandika vizuri, na umetazama hata toleo, kwamba lisiwe la zamani. Vifurushi vyote vibebe mwenyewe kwenye flashi, usitegemee kuvishusha mtandaoni ukiwa Ipelele. Kuwa kimya si kosa, mwanangu, lakini ukimya una amri yake ya pili, ile ya kukataza mashine kujiwasha upya, na wewe hujaiweka, nimeitafuta mara mbili. Iweke. Kifurushi kikimaliza kitakurudishia jibu, lisome. Kikisema kinataka mashine iwashwe upya, mwulize mhudumu, kwa Kiswahili anachokielewa, kama kuna kazi hajamaliza, na umpe nafasi ya kusema baadaye. Na leo hii, kabla hujalala, tafuta kompyuta tupu kabisa, isiyo na chochote chako, ujaribu humo. Hii yako ya mezani haiwezi kukwambia ukweli, imekwisha kukuzoea. Siku utakapoiondoa programu, usiondoke na kifurushi cha chini, maana hujui nani mwingine amesimama juu yake.

Umesema utaanzia Igwachanya. Dada Adela bado yupo huko, mzee sasa, macho hayaoni vizuri, na ile zahanati ndiyo anayochukulia dawa. Huenda ukamkuta kwenye benchi anasubiri jina lake liitwe wakati wewe uko ndani na flashi yako. Usibofye kwanza. Toka nje, mwamkie kwa niaba yangu, na akikuuliza umekuja kufanya nini, mweleze mpaka mwisho, usimwachie nusu.

Mungu akutangulie barabarani, aifanye mikono yako iwe mizito pale inapotaka kuharakisha, na watu wa kila nyumba utakayoingia wamalize maneno yao ukiwa unawasikiliza. Haya, geuza hiyo kompyuta huku, uniandikie hiyo amri nikiona.