Pikapu ya Uani na Fundi Asiyekuwepo

Mwanangu, iko siku moja ambayo hata leo, macho yangu yakiwa yamepungua nuru na magoti yakilalamika kila niinukapo, nikiikumbuka huona haya kwanza, kisha hucheka peke yangu. Ni siku niliyovutwa mguu na mume wangu kutoka chini ya gari, yeye akidhani amvuta mwanamume mwingine. Kaa nikusimulie, maana ndani yake muna jambo nataka ulichukue.

Nilikuwa mke kijana, hapa hapa Mambrui. Mume wangu Athmani, kabla hajaenda kufanya kazi Uarabuni, alinunua pikapu kuukuu iliyotupwa na shamba moja la mkonge huko Kilifi. Leo vijana wa Malindi na Watamu wanazitafuta pikapu kama ile kwa tochi, wanazijenga upya majumbani mwao, na ikipita barabarani kila mtu hugeuza shingo. Wakati ule ilikuwa chuma chakavu tu. Mashavu yake ya mbele yalikuwa ya mviringo kama ya mtoto aliyejaza wali kinywani, na kioo cha mbele kiligawika pande mbili. Injini ilikuwa imekwama. Sakafu ililiwa na kutu hata ukikaa kitini waiona ardhi. Athmani aliiingiza katika banda la makuti ubavuni mwa nyumba, akaniambia, "Rukia, nikirudi nitaifufua." Akaenda zake.

Sasa, marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari mjini Malindi. Hakujaliwa mtoto wa kiume, akajaliwa mimi. Nilikua nikimshikia bati akigonga, nikajua sauti ya nyundo inapopiga mahali pake na inapokosea. Alipofariki nilirithi sanduku lake la zana, nikaolewa nalo kama wenzangu walivyoolewa na vyombo vya shaba. Basi kila nilipolipita lile banda kwenda kuanika nguo, nikaona chumvi ya bahari inavyoitafuna ile pikapu, mikono iliniwasha. Siku moja nilivaa ovaroli kuukuu la Athmani, nikafunga kichwa kwa leso, nikaingia chini.

Mavyaa yangu, Bi Mwanaisha, mamake Athmani, ndiye niliyekuwa nikiishi naye nyumba moja. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliniona nikitoka bandani nimepakaa grisi mpaka nyusi, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mafuta hayo yasiingie jikoni mwangu." Akaendelea kukuna nazi. Nikajua nimepewa ruhusa.

Nilianza na injini. Nilimimina mafuta ya taa na oili katika matundu ya plagi, nikaiacha ilowe, kila asubuhi nikaijaribu kwa spana ndefu mpaka siku moja ikalegea na kuzunguka. Machozi yalinitoka. Mabati yaliyooza niliyakata, nikatandaza bati la pipa la zamani, nikalikunja juu ya mfuko wa mchanga kama nilivyomwona baba akifanya, nikalipiga misumari ya ribiti. Sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo ilikuwa imekufa kabisa, nikaijenga upya kwa mbao za mbambakofi, nikazisugua kwa msasa mpaka ukipitisha kiganja hukwaruzwi. Kiti nilikishona mwenyewe kwa turubai. Mwanangu, hakuna raha kama kuamka ukijua mikono yako ina jambo inalolingojea.

Lakini nyundo haina siri. Mchana mmoja jirani yetu, Bi Zuhura, alichungulia juu ya ua.

"Rukia, ni nani huyo agonga kutwa kucha huko kwenu?"

Hapo ndipo nilipoteleza. Ningesema "ni mimi," maneno mawili tu. Lakini niliona haya. Nilifikiri: mke wa mtu, mkwe wa Bi Mwanaisha, kulala chali chini ya gari! Watasema nini? Ulimi wangu ukatangulia.

"Ni fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi Kombo. Ametoka Rabai."

"Mbona simwoni akiingia wala akitoka?"

"Huja alfajiri watu wamelala. Hupenda kazi yake isikatizwe."

Bi Zuhura akaitikia kwa kichwa, akaenda. Nami nikarudi chini ya gari nikijiona mjanja. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi dole nilikuwa nalo zima.

Basi Fundi Kombo akaanza kuishi. Bi Zuhura alileta cherehani yake iliyokatika mshipi, "Mpe Fundi aitazame." Nikaitazama mimi, ikashona. Wakaja wengine na baiskeli, na pampu za kisima, hata jenereta la msikiti likaletwa kwa mkokoteni. Nilitengeneza yote, na sifa zote akazipata Fundi Kombo. "Ana mkono mwema, mtu yule," watu walisema. "Na mpole, hata sauti yake hujapata kuisikia." Walimletea mahamri na kaimati kwa sahani zilizofunikwa vitambaa. Nilizila mimi, na kila tonge lilinikwama kidogo. Nilipokwenda Malindi kununua gasketi au plagi, wauza vipuri wakiniuliza swali, nilijibu, "Nimetumwa na fundi," hali najua jibu kuliko wao. Nilijizoesha udogo, mwanangu, na udogo ukizoewa huwa mtamu kama usingizi wa asubuhi.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Midomo ya watu haikomi njiani. Mtu mmoja wa huku aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni alirudi mapumzikoni, akasikia habari za fundi wa Rabai aingiaye alfajiri nyumbani kwa Athmani na kutoka gizani, na hakuna aliyemwona uso. Aliporejea huko, akaenda nayo. Sisi tulizipata habari hizo kwa mkewe, aliyekuja kumnong'oneza mavyaa yangu mlangoni.

Bi Mwanaisha alikuja mpaka bandani, mara yake ya kwanza kukanyaga mle. Akaketi juu ya gurudumu la akiba, akanitazama nikikaza nati za kabureta.

"Rukia," akasema, "nilikuona ukiingia chini ya gari nikanyamaza. Ni kazi ya halali, na baba yako alikufundisha vizuri. Nilikusikia ukimtaja huyo Kombo nikanyamaza, nikidhani utachoka naye. Sasa sinyamazi. Umemuumba mwanamume kwa mdomo wako, na leo yumo ndani ya nyumba ya mwanangu. Athmani amesikia."

Spana ilinianguka. "Mama, nifanyeje? Nionee huruma."

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mlango alioingilia ndio atakaotokea. Alitoka kinywani mwako, na kwa kinywa chako ataondoka."

"Nitasema, mama. Gari likiwaka tu, nitasema. Nikisema sasa watacheka, na gari lenyewe bado bubu."

Alitikisa kichwa. "Wataka kwanza chuma kikushuhudie? Haya. Lakini usikawie." Akainuka, akajipangusa vumbi, akarudi kwa nazi zake.

Nilikawia. Kila siku nilijiambia kesho. Nikajiambia acha nifunge ekzosi, lile bomba la moshi, kwanza, acha betri ichajiwe kwanza. Na ndivyo ilivyotokea kwamba adhuhuri moja, nikiwa chini ya pikapu, nimelala juu ya mkeka mkuukuu na miguu nimeitoa nje, nilisikia hatua za viatu vizito zikiingia uani. Kisha mfuko ukatupwa chini. Kisha sauti ambayo hata leo naijua katika sauti elfu.

"Toka!"

Nilikauka.

"Wewe mwanamume, nakwambia toka humo! Umeingia kwangu kwa ruhusa ya nani?"

Hakungoja jibu. Alinikamata kifundo cha mguu, ndani ya ovaroli lake mwenyewe, akanivuta kwa nguvu zote za hasira ya safari nzima. Nikachomoka na mkeka wangu, leso imenivuka, spana mkononi, uso mweusi wa masizi. Tukatazamana. Athmani alikuwa ameinua ngumi. Ilibaki hewani pale pale, kama imesahau ilikokuwa ikienda.

"Rukia?" Akainama akachungulia chini ya gari. Akazunguka upande wa pili akachungulia tena. "Yuko wapi huyo fundi?"

"Ndiye mimi."

"Usinichezee."

"Hapakuwa na mwingine, Athmani. Nilimzua kwa kuona haya."

Mavyaa yangu alikuwa amefika, mikono imejaa tui. Athmani akamgeukia. "Mama, ni kweli?"

"Mimi ni mamako," akajibu, "ukitaka ushahidi wangu utasema namtetea mkwe. Gari hili hapa, na yeye huyu hapa. Mwambie aliwashe."

Athmani akanitazama usoni. Sijawahi kuona mtu anayetaka kuamini na anayeogopa kuamini kwa wakati mmoja kama alivyokuwa. "Liwashe," akasema.

Mwanangu, gari lilikuwa halijawahi kuwaka. Athmani hakulijua hilo. Niliingia nyuma ya usukani, nikapiga bismillahi, nikageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikapiga mshindo mkubwa katika ekzosi hata kuku wakaruka ua. Ikanyamaza. Athmani akafumba macho. Nikajaribu tena, mshindo ule ule.

Na hapo, sijui nikwambieje, hofu ilinitoka. Ule mshindo niliufahamu. Ni sauti ya moto unaofika mahali si pake. Nilishuka, nikafunua boneti, nikafuata nyaya za plagi kwa kidole mmoja mmoja. Mbili zilikuwa zimepishana, kila mmoja umekalia kiti cha mwenzake. "Hapa," nilimwambia Athmani, wala sikuinua macho. "Huu huku, na huu huku. Ndio maana inakemea." Nikazibadilisha, nikafuta mikono, nikarudi kitini. Safari hii iliwaka, mwanangu. Ilitetemeka kidogo kisha ikatulia, ikanguruma taratibu kwa sauti nzito iliyojaa lile banda lote.

Athmani aliketi pale pale mchangani. Akasema, "Njia nzima nilikuwa nikipanga nitakavyompiga." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, akajifunika uso. Nikashuka nikaketi kando yake. "Nisamehe," nikamwambia. Akasema, "Na mimi, kwa kumwamini mtu wa barazani kabla yako."

Jioni, tukinywa chai, alipata wazo la kulimaliza. "Tuseme Fundi Kombo amemaliza kazi amerudi kwao Rabai. Hakuna atakayeuliza. Yaishe."

Ilikuwa njia rahisi, na ilikuwa njia laini. Mavyaa yangu alinitazama. Nikaona ameniachia mimi. Nikasema, "Hapana. Nikimrudisha Rabai leo, kesho cherehani itaharibika na watanituma nikamwite. Nimechoka kumpa mtu huyo jasho langu."

Asubuhi yake tulipanda pikapu sote watatu, mimi usukanini, mavyaa yangu katikati amejitanda buibui lake la kutokea, Athmani dirishani. Nilisimama mbele ya mlango wa Bi Zuhura, nikashuka, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mbele ya watu waliokwisha kusanyika: Fundi Kombo hakuwahi kuwako. Cherehani yako niliitengeneza mimi. Na jenereta la msikiti. Na hili gari.

Sitakudanganya kwamba walipiga vigelegele. Wapo waliocheka kwa dharau, na mzee mmoja aliapa kwamba pampu yake haitashikwa tena na mwanamke, akaipeleka Malindi. Ilikawia kurudi kwangu, lakini ilirudi. Ila Bi Zuhura hakucheka. Alilizunguka lile gari pole pole, akapitisha kiganja juu ya mbao za mbambakofi, akageuka, nikaona ameumia.

"Rukia," akasema, "mwaka mzima ukilala chini ya chuma hiki peke yako, na mimi nimeketi hapa nyuma ya ua sina kazi. Ungeniambia, si ningekuja nikakushikia taa?"

Nilimshika mkono, nikamwomba radhi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Wewe unayejenga kitu uani kwako, iwe gari, iwe nyumba, iwe elimu, kijenge kwa mikono yako na ukiite kwa jina lako. Mficha uchi hazai. Ukiificha kazi yako kwa kuogopa macho ya watu, macho hayo hayakosi la kutazama, yatakutazamia uongo wako. Ukimpa mwingine sifa uliyoitolea jasho, usidhani huo ni unyenyekevu. Unyenyekevu husema, "Ni mimi, na kufanikiwa kwatoka kwa Mungu." Ukiulizwa ni nani agongaye, jibu siku hiyo hiyo, kazi ikiwa bado mbovu na gari halijawaka. Usingoje ukamilifu ukutetee. Wa kucheka watacheka na watachoka. Lakini nyuma ya ua yupo ambaye angekuja kukushikia taa, na hawezi kuja kama hajui kwamba uliye gizani ni wewe.

Mungu aipe mikono yako ujuzi na ulimi wako ukweli. Akupe mwenza wa kukuamini na jirani wa kukusaidia. Ukigeuza ufunguo, iwake. Na isipowaka, akupe utulivu wa kushuka na kutafuta ilipokosea. Amin, mwanangu. Amin.