Nyanya Ambaye Mlowezi Hakumwandika

Hili lilinitokea mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane, halafu unisikilize.

Mama alitoka Kitale akaja Stockholm kunisaidia kulea mtoto wangu wa kwanza. Kwetu Wabukusu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na Mama alikuwa na ombi moja tu: binti yangu aitwe jina la mama yake yeye. Shida ni kwamba hakulijua. Mama yake alifariki kwenye shamba la mlowezi, Mama akiwa kichanga, na pale shambani kila mtu alimwita Mama Wekesa, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ndiyo heshima yetu. Mwanamke akishazaa, nani tena atamwita jina lake? Waliolijua wakafa nalo.

Huku mtoto analia. Analia mpaka majirani zetu wa mtaa wa Hallonbergen wanatukwepa kwenye lifti. Mama alikuwa na hakika kwamba anadai jina. Na ofisi ya kodi, maana hapa Uswidi majina ya watoto huandikishwa huko, usiniulize kwa nini, ilishatukumbusha kwamba muda unakwisha. Mume wangu, Mkongo mpole wa Bukavu, alisema tu, "Tungoje Mama aamue kwanza."

Bahati nzuri, yule mlowezi alikuwa Mswidi, na vitabu vya shamba lake vimehifadhiwa hapa mjini, katika jumba la nyaraka. Yeyote anaweza kuomba kuvisoma. Nikamwacha mtoto na Mama, nikaenda. Nilikuta ramani, mipaka ya ardhi, orodha ya wafanyakazi. Babu nilimpata: jina lake, namba ya kipande chake, kile cheti cha kazi walichovishwa shingoni, na mbele yake, kwa Kiswidi, "mke mmoja, watoto wawili". Basi. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa maksai wa kulima na, niamini, kila maksai aliandikwa jina lake. Nilikifunga kile kitabu nikalia.

"Unalilia nini, mjukuu wangu?"

Aliyesema alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Msichana tu, nimemzidi umri kwa mbali, kavaa gauni jepesi katikati ya Januari. Nilidhani ni mtu wa ukoo wetu ananitania. Si unajua tunavyoitana kiukoo, hata msichana akawa nyanya yako? Kisha nikaona kifua cha gauni lake kimelowa maziwa, kama changu.

"Natafuta jina la nyanya yangu," nikamwambia. "Ng'ombe wameandikwa, yeye hayumo."

"Hawakuniuliza," akasema, taratibu, bila hasira. "Mimi ni Naliaka. Nilizaliwa watu wakipalilia." Kisha akaongeza, "Mwambie mwanangu nilimbeba. Siku zenyewe zilikuwa chache, lakini sikumweka chini."

Niliogopa? Hapana, wallahi. Nilimwonea huruma kwa ile baridi. Niligeuka kuchukua sweta niliyokuwa nimeitundika kwenye kiti, nimfunike, na nilipomwelekea tena hakuwepo. Nikamuuliza mhudumu. Akaniambia kwa upole kwamba tangu asubuhi nilikuwa peke yangu pale mezani, akaniletea maji. Lakini kwenye kile kiti cha pili palikuwa na tone la maziwa, bado la vuguvugu. Sema lilikuwa langu ukipenda. Mimi sikukaa upande ule.

Nyumbani nilimkuta Mama akizunguka jikoni na mtoto anayelia. Nikamwinamia mtoto sikioni nikamwita: Naliaka. Alinyamaza papo hapo, akashusha pumzi, akanitazama. Nilipofikisha ule ujumbe, Mama alikaa chini sakafuni.

"Alinibeba?"

"Alikubeba, Mama. Hakukuweka chini."

Tulilia sote wawili, nami sioni haya kulisema.

Kwetu, anayerithi jina la mtu huitwa kama alivyoitwa mtu huyo. Kwa hiyo Mama, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuwa na wa kumwita mama, sasa humwita hivyo binti yangu kutwa nzima. Humbeba mgongoni akipika na kumuuliza, "Mama, umelala?"

Nawe nakuonya. Kama mama yako yuko hai, muulize leo jina la mama yake, lile lenyewe alilozaliwa nalo. Na siku ukifungua vitabu vya walowezi kuwatafuta watu wako, kaa vizuri, ongea kwa adabu. Usidhani ni wewe peke yako unayetafuta.